Mulango ya Nkambo mu Kapata ya Mashini

Niko na miaka kumi na saba na nimeshaingia mu pansioni. Musicheke. Ku kazi yetu mutu anazeeka mbio. Ukishafika mwaka wa sita wa sekondari, mama anaanza kutaja egzameni kila mara anakuona umekaa, hata kama umekaa juu ya kula. Basi nimetoa mukono ku souris, ile kapanya ya kompyuta. Naandikia ninyi benye munabaki, Glody wa kwanza, kisha bengine benye batakuya nyuma yake, ili mujue kazi ilikuwa namna gani mbele yenu.

Juu ya mishahara sitasema kitu. Ilikuwa bitumbula, tule tumandazi, na Glody alikuwa anakula ya kwake na ya kwangu. Juu ya kupanda cheo, nilipanda mara moja tu: nilitoka ku katabure nikakaa ku kiti yenye iko na mugongo.

Kwa mutu yenye hajue kazi yenyewe, ni hivi. Mu mashini ya Tonton Crispin, mujomba wangu, yaani kompyuta yake, kuko mchezo wa kujenga parki, yaani uwanja wa kufurahisha batu. Unapewa udongo mutupu, unaweka magurudumu makubwa ya kupandisha bageni, tuviti twa kuzunguka, njia, maduka. Kisha kuko mapambo, mengi sana: bitu bya maharamia, bitu bya ngome ya wafalme, bitu bya kauboi, bitu bya nyumba ya mashetani. Batu bengine banaweka mapambo vile mchezo unataka, jahazi ya maharamia karibu ya maji, mashetani mu nyumba ya mashetani. Sie hapana. Sie tulikuwa bafundi ba kugeuza. Mu ile orodha yote hamuna hata kitu kimoja ya kwetu. Hamuna lupango, uwanja wa nyumba, hamuna mbabula ya kupikia, hamuna ile milima ya takataka ya mugodi yenye unaona kila upande ukisimama Kapata. Tukatwaa bitu bya maharamia na bya mashetani, tukajenga Kapata nzima, cité yetu, nyumba kwa nyumba.

Na karibu ifutwe yote siku moja. Nitafika pale.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa ya aibu, sawa siku nyingi zangu. Nyumba ni ya Nkambo, mama ya mama yangu, moja ya zile nyumba za kampuni zenye zimepangwa mustari kwa mustari. Chumba ya mbele Tonton Crispin, mutoto yake wa mwisho, aliifanya biro: fotokopi, foto za pasipoti, barua za kuomba kazi ku mugodi. Mama alinituma pale nyuma ya masomo, asema nikizoea kuona batu haya itaisha. Mukiliya wangu wa kwanza alikuya na diploma yake mu mufuko ya plastiki, akaomba kopi. Sauti yangu ikaenda mahali inaendaka. Nikajificha nyuma ya mashini ya fotokopi. Yule tata, baba muzima, alingoja, akakohoa, kisha akafanya kopi yeye mwenyewe, akaweka feza ku meza, akaambia ile mashini "asante sana" na akaenda zake.

Ya Francine, yaani yaya, dada mukubwa, aliona yote. Ya Francine njo alikuwa anashika biro wakati Tonton haiko. Alikuwa amemaliza masomo, alikuwa na kucha ndefu, na hakuogopa mutu, hata wale benye banakuya kupiga foto na wanataka batolewe makunyanzi.

"We mutoto," akasema, "wewe si mutu ya kusimama mbele ya batu. Kuya huku."

Akanikalisha ku mashini ya pili, ile ya zamani, akafungua mchezo.

"Nitengenezee beseni ya kufulia manguo."

Nikatafuta. Nikafungua maharamia, nikafungua kauboi, nikafungua mpaka bitu bya bahari. Jua likaanza kuinama.

"Yaya, beseni haiko."

"Mi sikukuambia utafute beseni. Nilikuambia utengeneze."

Akashika souris, akatwaa kikombe ya chai kubwa sawa nyumba, yenye batoto ba mu mchezo banaketi ndani na kuzunguka. Akaipunguza, akaipaka rangi ya buluu, akaizamisha mu udongo mpaka ule mukono wa kikombe ukapotea. Ilikuwa beseni. Hata povu ilikuwamo, juu alitia maua meupe ndani.

"Usisome jina ya kitu," akaniambia. "Jina ni ya wale benye walitengeneza mchezo. Wewe angalia umbo."

Hapo njo nilipata kazi.

Sasa juu ya byombo. Souris yetu ilikuwa na ugonjwa: ukibonyeza mara moja, yeye anasikia mara mbili. Ndiyo maana mu Kapata yetu kila kitu iko na pacha yake. Miti miwili, madumu mawili, mbuzi wawili wenye wamesimama mutu juu ya mwenzake mpaka unafikiri ni mbuzi mumoja wa miguu minane. Musimulaumu mutu. Kuko pia ile kasanduku ya batri chini ya meza. Umeme ukikatika inalia, na kutoka pale inalia uko na wakati wa kuhifadhi kazi na kusali Baba Yetu mpaka "jina lako", haipite pale. Mutu yenye anasali kwanza anapoteza kazi. Na vumbi: funikeni klavye na plastiki. Vumbi itaingia tu, lakini itaingia ikijua kama mulijaribu.

Ya Francine alinifundisha kazi tatu: kugeuza, kuzamisha, kupaka. Kofia ya muchawi, ukiipaka rangi ya udongo, iko kichuguu, na kichuguu ya kweli, yenye unaweza kufikiri mchwa beko ndani. Bipande bya chizi, ukibipaka kijani, biko mawe ya shaba yenye bachimbaji banabeba mu mifuko. Mbavu za ile nyama kubwa ya zamani, dinozoru, moja kila upande, biko magoli ya mupira. Muzinga ya maharamia ukiusimamisha na kutia moshi juu, uko na bomba ya kiwanda, na moshi inaenda upande wenye bageni banapita. Ile upande hatukuchagua sie. Iko vile pia mu Kapata ya kweli.

Kazi nguvu ilikuwa bageni. Mchezo unaleta bageni, tubatu tudogo twenye kutembea na pua juu, na ukibonyeza mutu unasoma mawazo yake. Sie tulikuwa tumetoa manege yote, magurudumu na tuviti, ili tupate nafasi ya nyumba. Basi bageni banatembea avenue yetu, banapita kichuguu, banapita magoli, na juu ya kichwa ya kila mutu kunaandikwa kama hapa hakuna kitu ya kufanya na anataka kurudi kwao.

Mi nilitaka kulia. Ya Francine akasoma, akapiga makofi.

"Tumefaulu! Iko Kapata kabisa."

Mwaka yenye ilifuata Ya Francine aliolewa na kijana wa relwe, wa treni, akaenda kukaa Lubudi. Mbele ya kwenda alinipa kiti yenye iko na mugongo. Pahali pangu ku katabure akakuya Glody, mutoto ya mama mukubwa wangu, miaka kumi na mbili, mudomo mbele, akili nyuma. Glody, najua unasoma hapa. Endelea tu.

Tulifanya kazi vizuri sie wawili. Mi naangalia umbo, yeye anaongea na bakiliya. Avenue ya Nkambo ikaisha, nyumba na nyumba, lupango na lupango. Ilibakia milango. Milango ya ngome ilikuwa kubwa sana. Milango ya kauboi iko nusu, mutu anaonekana miguu na kichwa, haifai kwa nyumba ya kikristo. Kisha tukapata kitu ya kipimo kizuri, na upana kizuri, na mbao ya kweli, na hata kamustari katikati sawa mulango ya kampuni. Ilikuwa mu bitu bya nyumba ya mashetani. Ni Ya Francine mwenyewe njo alianza kuitumia, aliifanya kabati mu dispansere, pale kwa dawa. Tukaisimamisha. Ilienea, sawa fundi alikuwa amekuya kupima. Tukaiweka ku nyumba yote ya avenue.

Nilisema: usisome jina. Sikusoma.

Nkambo hakuwa anaingia mu biro. Asema upepo ya mashini unamuletea kifua. Siku ile aliingia juu ya kutafuta Glody, yenye alikuwa ametumwa chumvi na alikuwa bado hajatoka ku kiti. Akaangalia kioo ya mashini, akasogea.

"Eh! Ile si mupapayi ya Mama Kalenga? Ile yenye inainama huku kwetu?"

"Njo yenyewe, Nkambo," Glody akasema.

"Inainama kweli! Angalia namna inainama! Hata mu mashini ile mama hawezi kukata muti yake." Alikuwa anafurahi. Akatoa miwani mu pagne, kitenge yake. "Na nyumba yangu?"

Nikaikaribisha nyumba yake mpaka ikajaa kioo. Akaangalia madirisha, akaangalia kuku, wawili wawili, akacheka. Na Glody, yenye Mungu alimupa moyo muzuri na akasahau kutia kingine, akasema:

"Nkambo, angalia mulango yako! Tulitumia sanduku ya maiti. Inaenea kabisa!"

Mashini ya fotokopi ilikuwa inatoa kopi ya mutu. Ikamaliza.

"Sanduku ya nani?"

"Ya maiti, Nkambo. Lakini tuliisimamisha."

"Mi niko muzima," Nkambo akasema polepole. "Jana nilikula bukari. Leo nitakula bukari. Na bajukulu bangu bameshanipimia sanduku."

"Hatukupima, Nkambo. Ilienea yenyewe."

Nilikuwa nimeshaanza kusogea upande wa mashini ya fotokopi.

Nkambo akatoa simu, akamuita Tonton Crispin, yenye alikuwa Fungurume kutengeneza mashini za batu. Alikuwa anapiga kelele, juu kwake Fungurume ni mbali, sauti inapaswa kufika.

"Crispin! Batoto bamenizika!"

"Mama? Nani amekufa?"

"Mi!"

Ilipita wakati mbele ya Tonton kuelewa. Akielewa, akasema mama atulie, yeye anarudi Jumapili nyuma ya misa, na akifika ataufuta ule mchezo wote, hata na mizizi, juu tena njo unachelewesha mashini. Nkambo akajibu amina, akafunga simu, akamushika Glody sikio na kumutuma chumvi.

Sasa munaelewa hali. Kapata yote: kichuguu, magoli, ile beseni ya kwanza, kila nyumba ya mustari wetu na mutu yenye anakaa ndani. Jumapili. Kuipeleka mu mashini ingine haikuwezekana. Ile yetu ilikuwa ya zamani, na mashimo yake ya kuingiza klé, ile kadude ya kubebea kazi, vumbi ilishayajaza mbele ya mi kuzaliwa, nafikiri.

Glody alirudi na chumvi na mupango. "Tupake. Tupake buluu, sawa mulango yake ya kweli. Hataona."

Tukapaka. Sanduku zote za avenue zikawa buluu, nzuri, hata mi nilisahau ni nini. Tukamuita Nkambo. Hakukaa hata kukaa. Aliangalia akiwa amesimama mulangoni.

"Ukimupaka mulozi rangi ya buluu, anakuwa sista?"

Akaenda. Glody akaniuliza chinichini: "Tupake nyeupe?"

Nikamupigia Ya Francine kule Lubudi. Nilisikia treni nyuma yake, na mutoto analia. Alicheka mpaka akaangusha simu. Kisha akasema:

"Uongee na Nkambo."

"Naongea namna gani, Yaya?"

"Na kinywa."

Kama uko mutu ya haya, unajua kama ile jibu haisaidie kitu. Mi nilikuwa na namna yangu ya kuongea na batu: nangoja bataondoka. Ku masomo profesere akiuliza kitu, najua jibu, naangalia dirisha, mutu mwingine anaisema vibaya, anapigiwa makofi. Nilikuwa nimejizoea. Lakini dirisha haitanisaidia na Jumapili.

Jumamosi nikatoka inje, mu lupango. Nkambo alikuwa anapika maharage ku mbabula, amekaa mu kiti yake. Nikasimama pale. Moyo ulikuwa unapiga sawa souris yetu, mara mbili mbili.

"Umesimama sawa mutu ya kodi," akasema. "Sema."

"Nkambo, hii kiti yako mbele ilikuwa nini?"

"Kiti."

"Mbele ya kuwa kiti ya hapa."

Akaniangalia. "Ilikuwa ya kamio. Kamio ya nkambo wako mwanaume, ile ya kubebea bafanyakazi. Ilipokufa alinunua kiti tu."

"Na hii mbabula?"

"Janti ya gurudumu ya gari. We hauone?"

"Na luwa ya lupango?" Luwa yetu, ule uzio wa upande wa Mama Kalenga, ni mupira mweusi mupana, ule wenye unazunguka ku mugodi na kupandisha mawe.

"Ni mupira ya mugodi. Uko na maana gani, mutoto?"

Nikasema yote kwa pumzi moja. Nikasema kama yeye anakaa juu ya kamio na hasemi anakaa juu ya kamio. Nikasema hatuangalie jina, tunaangalia umbo, sawa yeye, na mu avenue yote yeye njo fundi wa kugeuza wa kwanza, sie tunamufuata tu. Nikasema ile sanduku si sanduku tena, ni mulango. Nilikuwa sijasema maneno mengi vile tangu nizaliwe. Kuku wawili wakaondoka.

Nkambo akageuza maharage.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, Nkambo."

"Leo njo nasikia sauti yako muzuri. Iko nzuri. Inasema upumbafu, lakini iko nzuri." Akaweka mwiko juu ya sahani. "Hii kiti, nkambo wako alikuwa anakaa juu yake kwenda kazi na kurudi. Ilikuwa inamuleta hapa ku nyumba. Ile ingine, ile sanduku, njo ilimutoa. Walisema haitapita mu mulango, ikapita. Ile mulango pale. Mi nilikuwa nyuma yake, nikaiona inapita, karibu iguse mbao huku na huku. Sasa wewe unaniletea mashini na kunionyesha tena kama inaenea."

Niligeuka kuangalia ule mulango. Nkambo wangu mwanaume alikufa mbele ya mi kuanza masomo. Nilijua alikufa. Sikujua kama alipimwa na ule mulango.

Maharage yakachemuka. Nkambo hakuwa amekasirika tena, njo ilikuwa mubaya zaidi.

"Nkambo," nikasema, "kuya uchague ingine."

"Mi sijue mashini."

"Utaonyesha na kidole tu."

"Maharage itaungua."

"Glody atalinda."

"Njo maana nasema itaungua."

Lakini akasimama. Akafunga pagne upya, sawa mutu yenye anaenda ku misa, akaingia mu biro na akakaa ku kiti yenye iko na mugongo. Mi nikarudi ku katabure. Mwisho wa kupanda cheo kwangu ulikuwa pale.

Alianza kwa kuharibu sheria ya Ya Francine. Kila kitu nilimuonyesha, aliuliza: "Inaitwa nini?" Nikamusomea. Akikubali jina, tunaendelea na umbo. Akikataa, haangalie hata umbo. Ubao wa jahazi: ndiyo, Petro alikuwa na jahazi. Mifupa: hapana. Kofia ya muchawi: nilimwambia ni kichuguu, akasema anajua kichuguu, lakini nisiisogeze karibu ya kanisa. Tukatengeneza mulango mupya na mbao za ile jahazi, mbao mbili, kufuli ndogo ya sanduku ya hazina. Ulikuwa muzuri kupita ile ya mbele. Ninasema ukweli hata kama inaniuma.

Kisha tukatembea avenue. Nyumba kwa nyumba tukatoa sanduku, tukaweka mbao, na yeye ananiambia ya kila mutu. Kwa mwalimu wa zamani, mulango muzito, juu anapenda kufunga kwa nguvu ili batu basikie kama amekasirika. Kwa mushonaji, upana zaidi, mashini yake ya kushona inatoka na kuingia kila siku. Tukafika kwa Mama Kalenga.

"Ile ni nini, yenye iko na byuma?"

"Mulango ya gereza, Nkambo."

"Weka."

Nikaweka. Tukaangalia.

"Toa. Atasikia, atasema niko na roho mubaya." Akafikiri. "Acha kwanza kidogo. Tuangalie tena kidogo. Haya, toa."

Ku nyumba ya Tata Mulunda, yenye tulimuzika wakati wa mvua, nilikuwa nimeshatwaa mbao. Nkambo akanishika mukono.

"Pale usiweke. Kilio haijaisha. Nyumba ya kilio haifungwe."

Nikaacha wazi. Ku mashini yote ya dunia, nafikiri, kuko nyumba moja tu yenye haina mulango juu ya heshima. Musiiwekee mulango, Glody, mpaka Nkambo atasema.

Giza ikatukuta pale na maharage ikaungua, sawa alivyosema. Jumapili alienda misa ya kwanza ili arudi mbio. Alirudi na pagne ya misa na viatu vya misa, akakaa. Ilibakia mulango moja: ya kwake. Nilimuonyesha mbao za jahazi.

"Ile nilichagulia batu bengine."

Nikamuonyesha zote. Alizikataa moja moja, na mukono, sawa mutu ku soko yenye anakataa samaki. Kisha tukafika ku ngome. Ilikuwa lango ya mfalme, mbao nyeusi, misumari ya zahabu, na simba wawili juu, yaani wanne, na ile souris.

"Ile."

"Nkambo, ile ni ya mfalme."

"Na mi ni nani?"

"Inapita nyumba. Inapita nyumba na nusu."

"Basi nyumba ipande."

Hii njo ilikuwa kazi nguvu kupita zote mu maisha yangu ya kazi, na naiandika ili mujue kama inawezekana. Huwezi kupunguza lango sawa kikombe, mchezo unakataa. Inabidi upandishe udongo nyuma, upandishe nyumba juu ya udongo, kisha uzamishe lango mpaka simba wakae sawa na bati. Nkambo alikuwa anaongoza. Miwani ilikuwa ku mwisho ya pua. Glody alikuwa anashika kasanduku ya batri na mikono miwili, juu umeme ulikuwa umeanza kuchezacheza.

Hapo njo Tonton Crispin akafika. Alikuwa na sakoshi ku bega na vumbi ya Fungurume ku nyusi.

"Mama, nimefika. Mwasibukeni, mumeamuka muzuri? Iko wapi ile mchezo, niufute tumalize."

Nkambo hakugeuka. Alikuwa ameweka kidole ku kioo, mbele ya simba wa kushoto.

"Crispin," akasema, "ngojea inje. Tuko ku kazi."

"Mama, mi nilisafiri asubuhi yote..."

"Inje. Unanifunikia mwangaza."

Tonton akaniangalia mi. Zamani ningekwenda nyuma ya fotokopi. Nikamwambia, na sauti ya kusikika: "Tonton, tunamaliza sasa hivi," na nikarudi ku lango.

Akatoka. Ku benchi ya bakiliya, mbele ya nyumba, kulikuwa kijana mumoja muchimbaji, magoti nyeupe ya vumbi, anangoja foto ya pasipoti. Tonton akakaa karibu yake, sakoshi juu ya magoti. Kupitia dirisha nilisikia kijana anamuuliza:

"Na weye, tata, unangojea nini?"

Tonton alipangusa vumbi ku nyusi.

"Sijue," akasema. "Mi njo mwenye hii biro."